Rangi Iliyobaki Kwenye Beseni

Mama yangu hakuwa mtu wa kumwaga kitu. Maji ya kuoshea mchele yalikwenda kwenye sukumawiki nyuma ya nyumba, ya kufulia yakaenda chooni, na githeri ya jana, mahindi na maharage, ilikaangwa leo kwa kitunguu ikaitwa chakula kipya. Tulikaa Mountain View, upande wa kuelekea Kangemi, na maji ya mfereji yalikuja yalipojisikia, kwa hiyo tabia yake haikuwa uchoyo. Ilikuwa akili. Nililelewa ndani ya akili hiyo na nikawa naicheka, maana nilikuwa nimeingia umri ule ambao mtu akipata mshahara wa kwanza mjini anadhani amepewa na ruhusa ya kumwaga.

Mshahara wenyewe ulikuwa wa kupokea simu na wageni katika ofisi moja karibu na Moi Avenue. Nilikaa nyuma ya meza ndefu nikitabasamu kuanzia asubuhi hadi jioni, na ikifika Ijumaa uso uliniuma. Jumamosi nilikuwa mtu mwingine. Jumamosi nilitia vitambaa rangi pale uani kwetu, na kwa kazi hiyo sikuhitaji kumchekea mtu.

Ilikuwa ile rangi ya maji baridi, isiyotaka jiko. Unalowesha kitambaa cha pamba, unakitia kwenye beseni la maji ya kawaida yenye rangi na chumvi, unakigeuzageuza, kisha unaongeza magadi. Si yale mabonge ya kulainishia githeri. Haya ni unga mweupe wa duka la kemikali, ingawa kwa ajili ya jina hilo mama hakuacha kuniuliza kama mahindi yameiva. Magadi ndiyo yanayoifunga rangi kwenye uzi, lakini ndiyo pia yanayoimaliza. Rangi ikishakutana na magadi ina saa chache tu za uhai. Ukiiacha mpaka alasiri utaiona bado ipo kwenye beseni, nzito na nzuri vilevile, na ukichovya kitambaa ndani yake kitatoka kimekolea. Ila hakijashika. Kimepakwa tu, na kikikutana na maji kitaachia.

Hilo nililijua vizuri. Nalisema mapema kwa sababu kila niliyemsimulia kisa hiki amenitafutia kisingizio cha kutojua, na mimi sikihitaji.

Mama alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, majirani na waumini wenzake, ambao walitembeleana, walizikana na kuozeshana watoto. Baba alifariki nikiwa bado shule ya upili, na baada ya mazishi kikundi hicho ndicho kilichomwinua mama kitandani. Walimchagua mwaka huo ili apate la kufanya, wakaendelea kumchagua kwa sababu aliliweza. Alijua nani ana mgonjwa nyumbani, nani hasemezani na nani, na ni nani wa kuketishwa mbali na sufuria ya nyama. Alipotoka kwenda mkutanoni alivaa viatu vyake vya kisigino kifupi na kutembea kwa namna ambayo sikuiona siku nyingine. Ukimwondolea mama uenyekiti ule, angebaki mjane mwenye sukumawiki nyuma ya nyumba.

Mwaka wa kisa hiki mtoto wa kiume wa mmoja wao alikuwa anataka kuoa. Mama wa kijana huyo alikaa Muthangari, mwanamke mtaratibu, mwenye nyumba yenye mazulia, na wote walikuwa wamsindikize kwenda kwao msichana, huko juu kwenye baridi ya mashamba ya chai. Kwetu watu hawafiki kwa wakwe wakabisha hodi wakaingia. Wanawake wa upande wa kijana husimama nje ya lango na kuimba, na wa ndani hujibu kwa wimbo kwamba hawawajui, warudi walikotoka. Mnatupiana maneno hivyo hadi wa ndani waridhike ndipo lango lifunguliwe. Kwa hiyo mavazi ni jambo kubwa. Mnaangaliwa mkiwa mmesimama pale nje, na hamna pa kujificha.

Waliamua kuvaa blauzi nyeupe na sketi nyeusi. Kilichobaki ni vitambaa vya kichwa na vya mabega, na hapo ndipo mama alipotoka nje na kukuta sampuli yangu kwenye kamba. Ilikuwa bluu iliyoiva, niliyokuwa nimeitengenezea mteja wangu mwenye duka la vitu vya nyumbani kule Karen. Mama aliishika pembeni, akaigeuza, akainusa hata.

"Hii ndiyo tutavaa," alisema. "Wewe utatutengenezea. Nitawaambia ni msichana wangu ametengeneza."

Alinunua pamba nyeupe, akaikata na kuipinda mwenyewe kwa cherehani yake ya mkono, jioni baada ya jioni. Alipomaliza akavifua vitambaa vyote, akavikunja na kuviweka juu ya kiti changu ili nisipate pa kukaa bila kuviona.

Mteja wa Karen naye alitaka vitambaa vya meza, bluu hiyohiyo. Alikuwa mpole sana. Alikuwa akisema "hakuna haraka" kwa sauti iliyokufanya ukimbie. Sikuwahi kumkimbilia mama yangu vile, na sijui kwa nini tunakuwa hivi, wepesi kwa wageni na wazito kwa waliotuzaa.

Jumamosi hiyo nikaamka nikaanza na vya Karen. Nilipima rangi kwa uangalifu, nikavaa glavu, nikafunga kitambaa puani maana unga wa rangi si wa kuvuta, nikageuza na kugeuza hadi mgongo ukaniuma. Vikatoka safi, nikavifunga kwenye karatasi za nailoni vilale humo na unyevu wao. Ilipofika alasiri nilikuwa nimechoka, nina njaa, na bado lile furushi la mama lilikuwa juu ya kiti. Niliinua beseni kulimwaga ili nianze upya. Mama akatokea mlangoni.

"Ngoja, ngoja! Rangi yote hiyo unamwaga?"

"Imeshatumika, mum."

"Imetumika wapi na naiona? Hebu angalia vile iko nzito. Weka zetu hapo. Hiyo ingine ya kopo uwekee wateja wako, si hao ndio wanakulisha?"

Kopo lilikuwa pale kwenye dirisha. Unga uliokuwemo ungetosha vitambaa vya akina mama wote na ukabaki. Lakini yule wa Karen alikuwa amegusia kwamba huenda akataka na vitambaa vidogo vya kufutia mikono, na nilishaanza kuvihesabu kichwani. Nililiangalia kopo, nikaliangalia beseni. Mama alikuwa akinitazama kwa uso wa mtu aliyemsaidia mwanawe kuokoa kitu.

"Ama haitashika?" akauliza.

"Itashika," nikasema.

Aliniuliza waziwazi, nami nikamjibu waziwazi. Alirudi ndani akiimba, nikachovya vitambaa vyake kwenye rangi iliyokufa. Vilinywa rangi vikapendeza, nami nikajiambia kwamba huenda safari hii ikashika, kwa kuwa kulikuwa na baridi na baridi huichelewesha rangi kufa. Mtu akitaka kujidanganya hata hali ya hewa humsaidia.

Jumapili wakiwa kanisani nikavisuuza. Vya Karen vilitoa maji ya bluu, kisha ya samawati hafifu, kisha maji safi. Vya mama vilitoa bluu, nikabadilisha maji, vikatoa bluu, nikabadilisha tena. Kila ndoo kitambaa kilizidi kupauka mkononi mwangu. Hapo ningeweza kuacha kila kitu, nikafungua kopo na kuanza upya, maana siku zilikuwepo. Safari ilikuwa Jumamosi iliyofuata. Badala yake niliacha kusuuza. Niliona kwamba nikiendelea hakitabaki kitu, na mama akiuliza nitalazimika kueleza. Nikavianika vikiwa na rangi yao ya uongo, nikavipiga pasi, nikavikunja. Mama aliporudi alipiga vigelegele peke yake uani. Akaniita fundi.

Siku ya safari nilikwenda nao. Nilikaa nyuma ya gari la kukodi pamoja na sufuria na kreti za soda, kazi yangu ikiwa kubeba. Ilikuwa Julai, na Julai ya huko juu hainyeshi mvua ya maana. Inanyunyiza tu, taratibu, kutwa nzima. Niliona matone kwenye kioo tangu tulipoiacha Waiyaki Way. Nikaomba Mungu. Nilimwomba azuie mvua ya wakulima wa chai ili mimi nisiumbuke.

Walijipanga langoni, mama mbele, mama wa kijana kando yake. Wakaanza kuimba. Walikuwa wazuri, sitaki kuwapunja, wanawake wazima wenye sauti za kujaza bonde, blauzi nyeupe na vichwa vya bluu. Wa ndani wakajibu kwamba hawawajui. Wetu wakajibu kwamba wamesikia hapa pana ua zuri. Wimbo ukaenda na kurudi, na wenyeji hawakuwa na haraka, wakati manyunyu yanaendelea. Niliiona bluu ya kwanza shingoni kwa mama. Ilishuka nyuma ya sikio, ikaingia kwenye kola. Halafu nikaiona kwa mwingine, na mwingine, mabegani, vifuani, mistari inayoteremka kwenye nyeupe. Mmoja alijifuta paji la uso na mkono wake ukatoka bluu, akautazama huku bado anaimba.

Wa ndani walichungulia kwenye mwanya wa lango. Sauti moja kali ya kike ikabadilisha maneno ya wimbo: hawa wageni wa bluu wametoka wapi, na wino huo wamemwibia nani? Kicheko kikavuma kule ndani. Wetu wakajitazama na wimbo ukafa midomoni mwao. Mama wa kijana alikuwa ameinamisha kichwa, na tone la bluu lilining'inia kwenye kidevu chake.

Mama ndiye aliyeimba. Peke yake, bila kutetereka, akajibu kwamba hatujamwibia mtu, tumeitonesha njiani ili wenetu wakija kututembelea wasipotee. Wa ndani wakashangilia, lango likafunguliwa, wakaingia wakikumbatiwa na wenyeji waliojihadhari wasiguswe. Waliletewa maji ya moto na taulo. Walikaa kwenye viti vyeupe vya plastiki, na walipoinuka viti navyo vilikuwa na alama. Mazungumzo ya wazee yalikwenda vizuri, kijana akapewa mke, watu wakala. Ila hadi tunaondoka watoto wa nyumba ile walikuwa wakituita wageni wa wino.

Njiani kurudi tuliushuka mteremko. Kisha mama akageuka kwenye kiti chake.

"Hili ni kosa langu," alisema. "Msichana alikuwa amwage hiyo rangi, mimi nikamkataza. Nikamwambia aweke zetu kwa ile imebaki. Mnisamehe."

Nilikuwa nyuma yao nimekumbatia sufuria. Nilikuwa na la kusema. Maneno yalikuwepo, mafupi kabisa: aliniuliza, nikamdanganya. Nikatazama dirishani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na siku hiyo niliuona wa mama yangu kuwa mwepesi kabisa, alimradi haukuwa juu ya kichwa changu.

Mama alikusanya blauzi zote akaja kuzifua nyumbani. Aliziloweka, akazisugua kwa sabuni ya mche, akazitia jiki ya kutakatisha, akazianika, akazirudisha majini. Vidole vyake vikachunika. Nilimwomba nimsaidie akasema niende nikapumzike, nina kazi kesho, na nikaenda. Nyingine zilitakata. Nyingine zilibaki na kivuli kwenye kola, na hizo alizirudisha nyumba kwa nyumba, mwenyewe, kwa miguu.

Halafu maneno yakaanza. Kule kutomwaga, ambako miaka yote walikuita akili, sasa wakakuita uchoyo. Ikasemwa kwamba mwenyekiti aliwavika mabaki ili rangi nzuri iende kwa wateja wa bintiye. Ikasemwa kwamba anatumia kikundi. Jambo la kutisha ni kwamba maneno hayo yalikuwa ya kweli, isipokuwa yalimwangukia asiye mwenyewe. Kwenye mkutano wa kuchagua viongozi walimshukuru kwa kazi nzuri ya miaka mingi, wakamchagua mama wa kijana wa Muthangari. Mama alirudi akavua vile viatu vya kisigino, akaviweka ndani ya boksi lao. Akasema amefurahi, alikuwa amechoka.

Ningeweza kuyazoea hayo. Naamini ningeyazoea, kwa vile mtu mwoga huzoea mengi. Kilichonishinda ni kwamba mama alianza kuniuliza. Jioni moja alisimama jikoni kwake, na sufuria yake mkononi, imejaa maji aliyochemshia mahindi, akaniita kutoka sebuleni.

"Haya maji nimwage," akasema, "ama bado yana kazi? Wewe ndiye unajua."

Nikamwambia yote hapo hapo nikiwa nimesimama mlangoni. Nikamwambia habari za kopo, na za mteja wa Karen, na za ndoo za Jumapili. Alisikiliza bila kuiweka sufuria chini. Nilipomaliza nililia, na nilitegemea, nakiri, kwamba atanishika. Hakunishika.

"Kwa hivyo nilipokuuliza, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, mum."

"Na kwa gari ulinisikia nikiomba msamaha."

"Nilikusikia."

Aliimwaga sufuria kwenye sinki, taratibu, hadi tone la mwisho. "Mkutano ni Jumapili," alisema. "Utakuja uwaambie hivyo hivyo umeniambia."

Mkutano ulikuwa Muthangari, kwa mwenyekiti mpya, kwenye yale mazulia. Nilivua viatu mlangoni nikakaa ukingoni mwa kochi. Walipomaliza maombi na ajenda mwenyekiti akasema mtoto wetu ana neno. Nilisimama. Sikupamba. Nilisema nilijua rangi imekufa, mama aliniuliza, nikamwambia itashika, na nilifanya hivyo kwa sababu rangi nzuri nilimwekea mteja. Nikasema lawama waliyompa haikuwa yake.

Kisha mmoja akacheka. "Wee msichana! Na vile nilitoka bluu mpaka kwa masikio!" Mwingine akasema bwanake alimuuliza kama amejiunga na dhehebu jipya. Chumba kizima kikavunjika kwa kicheko, cheko la kweli, lisilo na sumu. Mwenyekiti akainuka, akanikumbatia, akasema ujana ni moshi, ni nani hapa hajawahi kudanganya mama yake? Akasema hata wakwe zake siku hizi wanakisimulia kisa kile kama utani mzuri. Akaniwekea mandazi mawili kwenye sahani, akaongeza la tatu. Nilikuwa nimesamehewa kabla chai haijapoa.

Nikamtafuta mama kwa macho. Alikuwa amekaa karibu na mlango, mkoba mapajani. Nilikuwa nimedhani kwamba sasa mtu atamgeukia. Nilidhani mmoja wao, hata mmoja tu, atasema, basi mama, tulikukosea. Walikuwa wakinicheka na kunipigapiga mgongoni, wakauliza kama nitawatengenezea vingine kwa harusi, vya rangi ya kushika. Mwenyekiti akachukua kalamu ili waendelee na jambo la mwisho.

Mama akainua mkono. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akiinua mkono katika kikundi kile; wengine ndio waliomwinulia yeye. Mwenyekiti alikuwa akiandika na hakumwona, na mama akaushikilia juu akingoja, hadi aliyekaa karibu naye alipomgusa mwenyekiti.

"Sina mengi," mama alisema. "Nilitaka tu kuwashukuru kwa kumsamehe mtoto wangu."

Wakampigia makofi. Mwenyekiti akasema amina, akageuza ukurasa. Mimi nikala mandazi yote matatu, moja baada ya jingine, maana sikujua nifanye nini na mikono yangu.